Maziwa ya kopo na meno ya mtoto: angalia sukari iliyomo kabla ya kununua

Kama unaishi Kibagabaga au mtaa mwingine wa Kigali na mtoto wako anakunywa maziwa ya kopo, huenda umeshasikia maneno haya matatu. La kwanza: maziwa ya soya yanaozesha meno. La pili: kopo la bei ghali linalinda meno. La tatu: meno ya utotoni hayahitaji kutunzwa kwa sababu yatang'oka tu. La kwanza lina ukweli kidogo, la pili halina msingi, na la tatu linaweza kumletea mtoto wako maumivu ya miezi mingi.

Makala hii inaeleza jinsi aina za maziwa ya kopo zinavyotofautiana kwa vijidudu vinavyoozesha meno, namna ya kusoma maandishi ya kopo, na mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Hatukuambii umwachishe mtoto maziwa anayoyategemea. Mtoto lazima ale. Tunataka ale na meno yake yabaki salama.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Rwanda nayo haijasalimika. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba karibu watu 65 kati ya 100 wamewahi kuoza jino, na watu wapatao 70 kati ya 100 hawajawahi hata mara moja kumwona mhudumu wa meno.

Kwa familia ya wakimbizi mzigo huu huwa mzito zaidi. Jino la mtoto likiuma usiku, hakuna anayelala nyumbani. Mtoto hakubali chakula, uzito unashuka, na mama anapoteza siku ya kazi au ya biashara ili kumpeleka hospitali. Hayo yote yanaanza na alama ndogo nyeupe ambayo ingeweza kuonekana mapema.

Jino linaozaje

Ndani ya kinywa cha kila mtu kuna vijidudu vya aina nyingi, na vingi havina madhara. Kimoja kinachojulikana sana kwa kuozesha meno kinaitwa Streptococcus mutans. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na mtafiti J. Kilian Clarke huko Uingereza.

Kijidudu hiki kinakula sukari kama sisi tunavyokula ugali. Kikishakula, kinatoa asidi. Asidi hiyo inayeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino. Baada ya mtoto kunywa kitu chenye sukari, asidi hupanda ndani ya dakika chache, halafu mate huanza kuisafisha na kurudisha madini kwenye jino. Kazi hiyo ya mate huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine hadi saa nzima.

Mtoto akila na kunywa kwa vipindi vinavyoeleweka, mate yanapata nafasi ya kutengeneza jino. Akinyonya biberoni kidogo kidogo mchana kutwa, au akilala nayo mdomoni, asidi haiondoki na jino halipati nafuu. Kwa hiyo unapofikiria meno ya mtoto, jiulize maswali mawili: ni sukari gani iliyomo katika maziwa haya, na inakaa kwenye meno kwa muda gani?

Sukari si ya aina moja

Maziwa yote ya watoto yana sukari, hata maziwa ya mama. Mtoto anaihitaji ili apate nguvu na akue. Tofauti iko katika aina ya sukari.

Laktosi ndiyo sukari ya asili ya maziwa. Maziwa ya mama yana takriban gramu 7 za laktosi katika kila mililita 100. Ya ng'ombe yana karibu gramu 5. Vijidudu vinaweza kuitumia laktosi kutengeneza asidi, lakini asidi yake huwa ndogo kuliko ile inayotokana na sukari ya mezani. Tena maziwa yana kalsiamu, fosfati na protini iitwayo kaseini, ambazo husaidia kulinda gamba la jino.

Sukrosi ni sukari ile ile tunayotia kwenye chai. Hii ndiyo inayopendwa zaidi na Streptococcus mutans, na kuna sababu yake. Kutokana na sukrosi kijidudu hiki hakitoi asidi peke yake, bali pia kinatengeneza utando unaonata kama gundi. Gundi hiyo inakishikilia kwenye jino, inavuta vijidudu vingine, na inaifungia asidi humo ndani ili mate yasiifikie. Ukoga mnene unaoukwangua kwa ukucha kwenye jino la mtoto umejengwa kwa namna hiyo. Laktosi haiwezi kutumika kutengeneza gundi hiyo.

Glukosi na maltodekstrini hutokana na wanga, mara nyingi wa mahindi. Glukosi huliwa haraka na vijidudu. Maltodekstrini haina utamu mwingi, ndiyo maana wazazi wengi hawaishuku, lakini mate huivunja ikawa sukari ndogo ndogo ambazo vijidudu huweza kuzila.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakiongozwa na William Bowen, walilinganisha vinywaji mbalimbali kwa kutumia panya wasio na mate, na matokeo yao yakatoka mwaka 2005. Soda ya kola na asali viliozesha meno zaidi. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa na madhara madogo sana. Maziwa ya mama yalikuwa na uwezo wa kuozesha kuliko ya ng'ombe, lakini chini ya kola na asali. Panya si mtoto, na mtoto wako ana mate. Hata hivyo matokeo hayo yanatuonyesha kitu kimoja: kitu kikiwa cha asili, kama asali, haimaanishi kwamba ni salama kwa meno.

Aina za maziwa unazoweza kuzikuta dukani

Maziwa ya kopo yatokanayo na ng'ombe ndiyo ya kawaida. Mengi ya hatua ya 1, yaani ya mtoto aliye chini ya miezi 6, yana laktosi kama sukari kuu. Kwa upande wa meno, haya ndiyo yaliyo karibu zaidi na sukari ya maziwa ya mama.

Maziwa ya soya hayana laktosi. Badala yake hutiwa glukosi ya mahindi au maltodekstrini, na baadhi ya makopo huongezewa sukrosi. Hapo ndipo ule usemi wa mtaani unapopata ukweli wake kidogo. Soya yenyewe haiozeshi jino. Kinachohusika ni sukari iliyowekwa mahali pa laktosi. Kopo moja la soya linaweza kuwa tofauti kabisa na jingine.

Maziwa yasiyo na laktosi, na yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa kwa ajili ya watoto wenye mzio, nayo mara nyingi hutumia glukosi au maltodekstrini. Kama daktari amemwandikia mtoto wako maziwa hayo, usiyaache kwa kuogopa meno. Ugonjwa uliosababisha ayaandike ni mkubwa kuliko hatari ya jino, na jino unaweza kulilinda kwa njia nyingine tutakazozieleza hapa chini.

Maziwa ya hatua ya 3, yanayotangazwa kwa watoto waliovuka mwaka mmoja, yanahitaji uangalifu zaidi. Baadhi huongezewa sukari, asali au ladha ya vanila. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 hahitaji maziwa haya ya kopo. Mtoto ambaye hanyonyi anaweza, baada ya mwaka mmoja, kunywa maziwa ya kawaida ya mnyama yaliyochemshwa, pamoja na chakula cha familia. Kwa mzazi anayehesabu kila faranga, hii ni habari njema kwa meno na kwa mfuko pia.

Namna ya kusoma kopo

Makopo mengi yanayouzwa Kigali yameandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Kama hujui lugha hizo vizuri, unahitaji maneno machache tu.

Kwanza, tafuta orodha ya viambato. Kitu kilichotajwa mwanzo ndicho kilichowekwa kwa wingi, na cha mwisho ndicho kidogo kabisa. Neno "lactose" ni lile lile katika lugha zote mbili. Sukari ya mezani huandikwa "saccharose" au "sucre" kwa Kifaransa, na "sucrose" au "sugar" kwa Kiingereza. Glukosi ya mahindi huandikwa "sirop de glucose" au "corn syrup". Asali ni "miel" au "honey". Ukiona "sucre" au "saccharose" karibu na mwanzo wa orodha, jua kuna sukari nyingi iliyoongezwa.

Pili, angalia jedwali la lishe. Tafuta mstari wa "glucides" kwa Kifaransa au "carbohydrates" kwa Kiingereza, kisha chini yake mstari wa laktosi. Tuseme mstari wa kwanza unasema gramu 7.4 na wa laktosi nao unasema gramu 7.4. Basi karibu sukari yote iliyomo ni laktosi. Kama laktosi ni gramu 3 tu, jiulize zilizobaki ni za nini, urudi kwenye orodha ya viambato.

Kanuni za kimataifa za chakula, zinazoitwa Codex, zinasema kwamba katika maziwa ya watoto wachanga yatokanayo na ng'ombe sukari inayopendekezwa ni laktosi na glukosi za wanga, na kwamba sukrosi iepukwe isipokuwa ikihitajika. Kwa hiyo si kwamba unachagua sana. Unauliza jambo ambalo kanuni zenyewe zimeliuliza.

Bei haikuambii chochote hapa. Kopo la bei ya chini lenye laktosi linaweza kuwa bora kwa meno kuliko la bei ghali lenye sukrosi na vanila.

Mambo tunayoongeza wenyewe

Mara nyingi sukari inayoozesha meno haikutoka kiwandani. Tumeiweka sisi jikoni.

Kopo linapokaribia kwisha na pesa hazijapatikana, kuna kishawishi cha kuongeza maji ili lisukume siku mbili zaidi, kisha kutia kijiko cha sukari ladha irudi. Mtoto anapata njaa na sukrosi kwa pamoja. Usifanye hivyo. Pima kama kopo linavyoelekeza, na kama huna uwezo wa kununua jingine, nenda kituo cha afya useme ukweli. Si aibu. Mhudumu anaweza kukusaidia kurudisha maziwa ya kifua kama bado inawezekana, au kukueleza namna ya kumlisha mtoto kulingana na umri wake.

Usitie sukari kwenye maziwa ya ng'ombe. Usiweke kwenye biberoni chai ya sukari, Fanta, juisi wala igikoma chenye sukari. Kama familia yako inapokea unga wa CSB++ kwa ajili ya mtoto, fahamu kwamba unga huo tayari una sukari ndani yake, hivyo uji wake hauhitaji kuongezewa. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu hatari, ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia.

Biberoni ya usiku

Hata kopo lenye laktosi tupu linaweza kuharibu meno likitumika vibaya, na njia iliyo mbaya kuliko zote ni kumlaza mtoto na biberoni mdomoni.

Mtu akilala mate hupungua sana. Maziwa yanayobaki yanajikusanya kuzunguka meno ya mbele ya juu na kukaa hapo kwa saa nyingi. Meno ya chini hufunikwa na ulimi, kwa hiyo mara nyingi husalimika mwanzoni. Ndiyo maana ukiona mtoto ana meno ya juu yaliyooza na ya chini ni mazuri, biberoni ya usiku huwa ya kwanza kushukiwa.

Tunajua kwa nini inatokea. Umechoka. Nyumba ni chumba kimoja na jirani yuko nyuma ya ukuta. Biberoni inanyamazisha kilio. Basi anza taratibu. Kama mtoto hajafika mwaka na anaamka kwa njaa, mlishe ukiwa umempakata, akishiba toa biberoni, mfute meno kwa kitambaa safi chenye maji, ndipo umlaze. Kama amevuka mwaka, punguza kiasi cha maziwa ya usiku kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, bila kuyachanganya na maji ya ziada, mpaka biberoni iishe. Akitaka kitu cha kushika kitandani, kiwe maji safi peke yake.

Kikombe ni bora kuliko biberoni. Kuanzia miezi 6 mtoto anaweza kujifunza kunywa kwenye kikombe kidogo kilicho wazi, na lengo ni kwamba akifika mwaka mmoja au baada yake kidogo, biberoni iwe imeachwa. Katika mazingira ya wakimbizi, miongozo ya UNHCR na ya mashirika ya lishe inapendelea kikombe kwa sababu ni rahisi kukisafisha, wakati biberoni hukusanya uchafu shingoni na kwenye chuchu na kuleta kuhara. Meno nayo yanafaidika, kwa kuwa mtoto hanyonyi kikombe kwa saa mbili.

Kumbuka pia usafi wa maziwa ya unga. Tumia maji yaliyochemshwa ambayo bado ni ya moto sana, yasiyopungua nyuzi 70, kisha uyapoze kabla ya kumpa mtoto. Maziwa yaliyobaki baada ya kulisha yamwagwe. Usimtembeze mtoto na biberoni ile ile kutwa nzima.

Vijidudu vinatoka wapi

Mtoto hazaliwi na Streptococcus mutans. Anavipata kutoka kwa watu walio karibu naye, mara nyingi mama au mlezi, kupitia mate. Mwaka 1993 Page Caufield na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watoto wengi waliowafuatilia walivipata kati ya miezi 19 na 31, meno ya nyuma yanapotoka. Tafiti za baadaye zimevikuta hata kwa watoto wadogo zaidi.

Kwa hiyo kumtafunia mtoto chakula, au kulamba chuchu ya biberoni ili kuisafisha, kunampa vijidudu vyako mapema. Lakini usijilaumu, na usiache kumbusu mwanao. Kinachosaidia zaidi ni wewe mwenyewe kupiga mswaki mara mbili kwa siku na kutibu meno yako yaliyotoboka. Mama mwenye vijidudu vichache anavigawa vichache. Na vijidudu hivyo, hata vikifika, haviwezi kustawi bila sukari.

Je, ninyonyeshe au la?

Nyonyesha, kama unaweza. WHO inapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Katika mwaka wa kwanza kunyonyesha kunahusishwa na meno salama zaidi, si mabaya. Baada ya mwaka mmoja, mtoto anayenyonya mara nyingi usiku bila kusafishwa meno anaweza kuoza, kwa sababu laktosi nayo hutoa asidi. Dawa ya hilo ni kumsafisha meno kila jioni na kutompa vitu vitamu. Haiko katika kumwachisha ziwa na kumpa kopo.

Kama unaishi na VVU na unatumia dawa, usiache kunyonyesha wala kuanza kopo kwa kusikia maneno ya watu. Zungumza kwanza na mhudumu anayekufuatilia kliniki.

Kusafisha meno ya mtoto

Kabla meno hayajatoka, futa fizi kwa kitambaa safi chenye maji mara moja kwa siku. Jino la kwanza likitokeza, kwa kawaida karibu na miezi 6, anza mswaki mdogo laini asubuhi na jioni. La jioni ndilo usilolikosa.

Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Tazama nyuma ya bomba, floraidi iwe angalau 1000, ikiwa imeandikwa pamoja na herufi "ppm". Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 paka kiasi cha punje moja ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mpigishe mwenyewe, kwani mtoto mdogo hawezi kufika kila mahali. Bomba moja la familia linatosha. Huhitaji dawa ya pekee ya watoto kama ile ya wakubwa ina floraidi na unatumia kiasi kidogo hicho.

Inua mdomo wake wa juu

Mara moja kwa mwezi, mpakate mtoto mahali penye mwanga, inua mdomo wa juu na utazame meno ya mbele karibu na ufizi.

Ukiona mstari au madoa meupe kama chokaa, hiyo ni dalili ya kwanza. Madini yameanza kutoka lakini shimo halijafunguka. Kwa floraidi, kuacha biberoni ya usiku na kupunguza sukari, uharibifu huo unaweza kusimama na hata kurudi nyuma.

Ukiona rangi ya kahawia, shimo, au jino linalomeguka, mpeleke kwa mhudumu wa meno hata kama halimuumi. Jino la utotoni lililooza linaweza kuleta usaha unaodhuru jino la ukubwani lililo chini yake, na meno ya nyuma ya utotoni hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Huo si muda wa kungoja ling'oke lenyewe.

Uso ukivimba, au mtoto akiwa na homa pamoja na maumivu ya jino, usingoje kesho. Nenda siku hiyo hiyo.

Wapi pa kwenda

Kwa mwenye Mituweli, safari huanza kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako mchango ni faranga 200. Wakiona inahitajika, watakuandikia karatasi ya kukupeleka hospitali, na huko utalipa asilimia 10 ya gharama. Kwa wakazi wa Kibagabaga na sehemu za jirani katika Wilaya ya Gasabo, hospitali hiyo ni ya Kibagabaga. Usiende moja kwa moja bila karatasi, isipokuwa ni dharura, maana unaweza kudaiwa gharama yote. Uliza mapema ni huduma zipi za meno zinalipiwa na Mituweli.

Wakimbizi wa mijini waliingizwa katika Mituweli kuanzia mwaka 2019, kwa makubaliano ya serikali na UNHCR. Kama jina la mtoto aliyezaliwa karibuni halijaandikwa, shughulikia kuandikishwa kwake sasa, kabla jino halijauma. Walio kambini, kama Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa au Nyabiheke, waanzie kituo cha afya cha kambi. Na popote ulipo, mjumbe wa afya wa mtaa wako, yule Wanyarwanda wanayemwita umujyanama w'ubuzima, anaweza kukuelekeza bila malipo.

Unapokwenda, beba kopo la maziwa anayokunywa mtoto, au lipige picha upande wa viambato. Mweleze mhudumu anakunywa mara ngapi na kama analala na biberoni. Maelezo hayo yatamsaidia kukushauri kwa haraka.

Kama leo utafanya jambo moja tu, liwe hili: usiku huu, mtoto akishiba, toa biberoni mdomoni, mfute meno, ndipo alale. Kesho utakapokuwa dukani, geuza kopo usome upande wa nyuma kabla ya kulipa.